Nionyesheni Mikono: Miaka Yangu ya Kuchonga Watu wa Gemu Guangzhou

Ijumaa iliyopita walinikatia keki yenye joka juu yake. Miaka yote niliyofanya kazi katika studio ile sikuwahi kuchonga joka hata moja. Kazi yangu ilikuwa watu. Nilishukuru, nikala kipande changu, nikarudisha kadi ya mlangoni. Kibali cha kazi cha mgeni kina ukomo wa umri, na mimi umri huo nimeufikia.

Kabla sijaondoka, vijana wa idara yetu waliniomba niandike jinsi mtu anavyoajiriwa kuwa msanii wa wahusika, yaani yule anayetengeneza mwili, uso na mavazi ya kila mtu anayeonekana ndani ya gemu. Nimekubali kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile. Simu inalia, kijana wa Mbeya au Nakuru au Goma, hata salamu hajamaliza, anauliza, "Auntie, nitumie programu gani?" Programu gani! Ni kama mtu anayetaka useremala akaanza kwa kuuliza rangi ya mpini wa msumeno. Programu zimebadilika mikononi mwangu mara nyingi kuliko mapazia ya nyumba yangu. Basi kaeni niwaeleze, na mkimaliza kusoma msinipigie kuniuliza programu.

Nilikuwa mwalimu wa sanaa katika sekondari moja ya Songea, mpaka somo lenyewe likaondolewa kwenye ratiba kwa kukosa karatasi na rangi. Dada yangu Kandida alikuwa na duka la nguo mjini. Akanichukua tuje Guangzhou nimsaidie kuchagua mzigo, hoja yake ikiwa kwamba mtu aliyesomea rangi hawezi kununua blauzi mbaya. Alikosea. Nilinunua blauzi nzuri mno, na pale Songea hakuna aliyezitaka. Hata hivyo aliniacha huku niwe mtu wake wa kukagua na kusafirisha, yeye akarudi dukani.

Kule Guangyuan Xilu, mtaa wa nguo za jumla, mnunuzi hutembea mpaka nyayo ziwake moto, halafu husubiri. Unasubiri laoban, mwenye kibanda, amalize wali wake. Unasubiri rangi uliyoagiza itoke ghalani, kisha unaambiwa "mei you", hakuna, kwa uso mkavu kabisa, kama vile jana hakukuahidi. Unasubiri wachukuzi wafunge marobota. Mimi nilisubiri huku nikiwachora wale wachukuzi, maana wao ndio pekee mle ndani waliokuwa wakifanya jambo la kutazamika. Mtu mwembamba anabeba mzigo unaomzidi upana. Shingo inazama mabegani, goti moja linatoka nje kidogo, kisigino kinatua kama kinajaribu sakafu. Hakungoji umalize. Unapata mstari wa mgongo na mstari wa mguu, keshapita.

Siku moja kwenye kibanda cha majaketi ya ngozi nilimkuta mzee wa Kichina mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachora jaketi lililovishwa sanamu la dukani. Hanunui kitu. Laoban, mama mmoja mwenye sauti ya kengele ya shule, alikuwa ameshamfukuza, na bado yupo.

Nikamwuliza kwa Kichina changu kibovu, "Mbona unachora sanamu, na watu wanapita?"

"Watu hawatulii," akajibu bila kuinua kichwa.

Nikamwonyesha karatasi zangu. Alizipitia moja baada ya nyingine. Mwisho akauliza, "Unafanya kazi wapi?"

"Nanunua blauzi."

Akacheka hadi laoban akatugeukia sote wawili kwa hasira. Akanipa kadi yake. Aliitwa Qiu, na alikuwa mkuu wa wachonga wahusika katika studio ya gemu upande wa Tianhe. Alikuwa amekuja kuangalia ngozi inavyokunjika kwenye kiwiko. "Njoo na kazi zako," akasema.

Nilijiandaa kama mwalimu anayengoja mkaguzi. Nilinunua jalada la plastiki, nikapanga humo maua, Bikira Maria niliyemnakili kutoka kalenda ya parokia, machweo ya Ziwa Nyasa, na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa fahari yangu. Wachukuzi niliwaacha chumbani kwangu Xiaobei chini ya godoro, maana niliwaona ni michoro ya kupotezea muda.

Katika chumba cha usaili walikuwapo Mzee Qiu na msichana mmoja mkali aliyeitwa Fang, wakati huo ndiyo kwanza amepewa usimamizi wa miradi. Qiu alifungua jalada, akafunga.

"Unaomba kazi ya kutengeneza watu," akasema. "Umenionyesha ng'ombe."

"Ni ng'ombe wazuri."

"Wazuri sana. Akitokea mwenye gemu la ng'ombe nitakuita. Wale wabeba mizigo wako wapi?"

"Nyumbani."

"Kawalete."

Fang akatazama saa. "Mwalimu Qiu, wengine wanasubiri nje."

"Na wasubiri," akasema Qiu. "Huyu anaenda na basi."

Nilikwenda na basi, nikarudi na basi, nimeloa jasho na aibu. Hapo ndipo penye jibu la maswali yenu mengi, kwa hiyo someni polepole. Mwajiri hataki kuona kila unachokiweza. Anataka kuona kile atakachokupa kukifanya Jumatatu asubuhi. Ukiomba kazi ya wahusika, leta wahusika. Leta wachache waliokamilika, kuanzia unywele hadi soli ya kiatu. Kazi moja dhaifu ndiyo itakayokumbukwa, kwa hiyo itoe, hata kama mama yako anaipenda. Nimelisema hili kwa miaka, na bado watu wananiletea machweo.

Qiu alipowaona wachukuzi alichukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia mikono. "Huu umeuficha nyuma ya mzigo. Huu umetia mfukoni. Hapa umeishia kwenye kifundo. Unaogopa mikono." Akanipa jaribio. Nikatengeneze askari mzee wa zamani, aliyevaa ngozi, ameshika ngao, mchongo wa kompyuta unaozunguka pande zote. Nikamwambia sijawahi kugusa programu ya kuchongea. Akasema hata udongo mtu huanza kwa kutougusa.

Sasa, kompyuta nitaitoa wapi? Mtaa wa Dengfeng palikuwa na ofisi ndogo ya kukusanya mizigo ya Kongo, ya mama mmoja wa Bukavu aliyeitwa Mama Béatrice. Alikuwa mtu mzima, mpana, amesoma kwa masista, na Kifaransa alikitumia hasa kwa kugombeza. Tulifahamiana kanisani. Alikuwa na kompyuta iliyotumika asubuhi tu. Tukakubaliana mchana niitumie mimi, na kwa malipo nimwandikie majina juu ya marobota kwa hati nzuri, kwani wateja wake walikuwa wakigombania mizigo kwa sababu ya hati mbaya.

Nilijifunza kwa kukosea. Nilichonga uso ukawa kama kiazi. Nilibonyeza kitufe nisichokijua, kiazi kikatoweka. Mama Béatrice alinisikia nikiguna, akaja kuchungulia.

"Ma fille, binti yangu, ile kitu iko nini?"

"Askari."

"Askari gani anasimama vile? Iko na ugonjwa ya tumbo?"

"Basi nisimamie wewe, Mama, nione."

Akasimama katikati ya ofisi, mguu mmoja mbele, kifuniko cha sufuria mkononi badala ya ngao. Wateja wakaingia, wakamkuta hivyo, wakadhani kuna ugomvi wa mzigo. "Pitieni," akawaambia. "Minafanya kazi ya kompyuta." Nilimzunguka nikitazama uzito wake unavyoshuka kutoka bega kwenda nyongani, kutoka nyonga kwenda kisigino. Yule askari wa jaribio alipokwisha alikuwa na ndevu na makovu, lakini chini ya ngozi ile alikuwa Mama Béatrice wa Bukavu, na mpaka leo hakuna aliyegundua.

Qiu aliutazama mchongo, akauzungusha, akausogeza karibu. "Mikono mibaya," akasema, "lakini ipo." Fang alipinga kuniajiri. Alisema mgeni ni makaratasi, mgeni ni ofisi ya vibali, mgeni akiumwa nani atamtafsiria daktari. Hoja zake zote zilikuwa za kweli. Qiu akamwambia, "Wengine wote wameleta joka." Nikaajiriwa.

Msidhani siku ya kwanza nilipewa shujaa. Nilipewa kiatu. Kesho yake nikapewa kingine. Msimu mzima nilichonga viatu, mikanda, vifungo na mishipi ya mabegi, vitu vya watu ambao nyuso zao zilikuwa zikichongwa na wengine meza ya pili. Nilimlalamikia Kandida kwenye simu. "Umesomea ualimu," akasema, "umeacha blauzi, sasa unashona viatu visivyovalika." Nilikata simu. Lakini kiatu kilinifundisha. Kila mhusika ana kiasi chake cha vipembetatu, vile vigae vidogo vinavyojenga umbo lake kwenye kompyuta. Ukivimaliza kwenye kamba za viatu, utakosa vya midomo. Msanii anayepamba kila mahali ni sawa na mpishi anayetia chumvi hadi kwenye chai. Qiu alipita nyuma yangu, akisema neno moja tu, "Punguza," na kuendelea na safari yake ya kwenda kujaza maji ya moto kwenye chupa. Nilimchukia kwa neno lile. Sasa nalisema mimi, na nawaona mnavyonichukia.

Kuhusu vifaa nina machache. Kalamu na kibao chake cha kuchorea, nunua cha kawaida ukitunze. Kiti, usikubali kiti kibovu. Mimi nilikubali, na kifundo changu cha mkono wa kulia hakijanisamehe. Weka bonge la udongo mezani. Qiu alikuwa nalo, na sikio likimshinda kwenye kioo cha kompyuta alilifinyanga kwanza kwa vidole. Na toka nje. Ninyi mnachonga watu kwa kutazama picha za watu waliochongwa na watu wengine, halafu mnashangaa wote wanafanana kama watoto wa baba mmoja.

Nije kwenye kazi iliyonitesa kuliko zote. Wakati huo nilishaaminiwa kuchonga mhusika mzima. Mteja wa ng'ambo alileta gemu la mapigano lenye wapiganaji kutoka pande zote za dunia. Kila mpiganaji alikuja na maelezo yake. Mmoja ana mji, ana umri, alikuwa baharia, kaka yake ameuawa. Mwingine ana shule aliyosoma na chakula asichokila. Halafu kuna mwanamke mmoja. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili: "Afrika. Mkali." Chini yake picha ya kielelezo: ngozi ya chui, mfupa puani, miguu peku.

Fang aliniletea mezani. "Hii yako," akasema, "wewe unajua."

Nikasema, "Mwezi uliopita nimechonga mwanamke wa Norwe. Mbona hamkumtafuta Mnorwe?" Akaikagua ratiba yake; swali langu halikuwamo. Niliandika kwa mteja kuuliza mwanamke huyu anatoka nchi gani. Jibu likaja: si lazima iwe nchi. Nikauliza anafanya kazi gani. Jibu: ni mpiganaji. Nikauliza kabla ya kupigana alikuwa anafanya nini. Hapo hawakujibu kabisa.

Fang akaniita pembeni. "Osmunda, mkataba wako unaisha mwezi huu. Ukiisha, kibali kinaisha nao. Mteja akilalamika, mimi siwezi kupeleka jina lako ofisi ya vibali. Tengeneza alichoagiza."

Nilikwenda kwa Mzee Qiu. Alikuwa akifinyanga sikio. Alinisikiliza, akasema, "Unaweza kutengeneza walichoomba, au ukatengeneza wasichokiomba kwa ustadi mpaka waone haya kukikataa. Kote kuwili utagombezwa. Chagua kugombezwa kunakokufaa." Mwalimu wa namna hiyo anaudhi sana pale unapotaka akuambie la kufanya.

Jumapili baada ya misa nilimfuata Mama Béatrice Dengfeng. Nikamweleza.

"Sasa uko unataka kunitia mimi ndani ya gemu?"

"Ndiyo, Mama. Mpiganaji."

"Minapigana na nini?"

"Chagua."

Akafikiri kwa makini, kama anachagua bidhaa. Akachukua mkanda wa kufungia marobota, ule mgumu wa plastiki, akauzungusha kiganjani, akaupiga chini mara moja. Mteja aliyekuwa akibishana bei akanyamaza. "Na hii," akasema.

Nilimchonga vile alivyo. Kitenge juu ya jinzi, raba miguuni, kilemba, mkoba wa kiunoni umekazwa, mabega ya mtu aliyesukuma marobota miaka mingi. Mikono nilimpa muda kuliko uso. Jina la kazi nikaandika: Béa, mfanyabiashara wa Bukavu, mjane, ana wateja katika miji mingi na hapendi kuzungushwa. Nikatuma.

Marekebisho yakaanza. Awe mweusi zaidi. Awe mweupe kidogo. Awe kijana. Awe na hasira. Hasira imezidi. Faili la kwanza niliita "mwisho", la pili "mwisho kabisa", lililofuata "mwisho kweli", na baada ya hapo nikaishiwa maneno ya Kiswahili ya mwisho. Kila mara niligusa kidogo walichoomba, nikarudisha mwanamke yuleyule. Hatimaye wakaitisha kikao cha video. Kijana mmoja wa upande wa mteja, mpole tu, mwenye kikombe kikubwa, akasema, "Ni kazi nzuri. Ila... anaonekana ameshiba."

Mkalimani akatafsiri.

"Ndiyo," nikasema. "Amekula."

Mkalimani alinitazama kama anayeomba nibadilishe. Sikubadilisha. Fang alifumba macho. Niliona chumba changu cha Xiaobei, masanduku, uwanja wa ndege, na Kandida akinipokea na blauzi zake.

Kisha Fang akafumbua macho, akasema kwa sauti yake kavu, "Maelezo yenu yalikuwa maneno mawili. Tumeshayatimiza yote mawili. Mkitaka mtu mwingine, leteni maelezo mapya, na ratiba inaanza upya. Tarehe yenu ya kutoa gemu itasogea."

Kijana akaweka kikombe chini. Wakanong'ona. Wakamkubali.

Sitaki mjenge sanamu la Fang kwa hilo. Nilipomfuata kumshukuru alisema, "Sikukutetea wewe. Nachukia kazi kurudiwa," na akanikumbusha viatu vya mhusika mwingine vilivyochelewa. Lakini jina langu alilipeleka, na mkataba ukaendelea.

Gemu lilitoka. Nilimpelekea Mama Béatrice ofisini, nikamfungulia kwenye kompyuta. Alijitazama akiingia uwanjani na kilemba chake, akapiga vigelegele. Halafu akasogea karibu na kioo.

"Osmunda! Banakata tumbo yangu!"

Kweli. Baada ya mimi kukabidhi, mtu fulani huko ng'ambo alimbana kiuno kimyakimya mpaka kikawa kama cha nyigu. Nilikasirika hadi nikashindwa kuketi. Mama Béatrice akanishika mkono. "Kichwa banaacha," akasema. "Na mukono. Ona, mukono iko yangu." Akaita watu wa duka la jirani, na mchana kutwa Dengfeng nzima ilipita pale kumwona Mama Béatrice akiwapiga wanaume kwa mkanda wa robota. Alipofunga ofisi na kurudi kwao Bukavu, aliondoka na picha ile imechapishwa kwenye fulana, tumbo la nyigu na yote.

Mzee Qiu alistaafu, akahamia kwa binti yake, na kalamu nyekundu nikaishika mimi. Kwa miaka mingi iliyofuata kazi yangu ilikuwa pia kuchagua watakaoitwa kwenye usaili. Laiti mngekaa kwenye kiti kile asubuhi moja tu. Wahusika wote wameweka mikono nyuma kama wanafunzi paredi. Wengine wamekunja mikono kifuani, wengine wamevaa glavu, mmoja alimfanya mhusika wake awe na makoleo badala ya vidole, na akaandika kwamba ni ubunifu. Nionyesheni mikono! Mkono mbaya naweza kuurekebisha. Uliofichwa siwezi.

Halafu zikaja picha za mashine. Unaiandikia mashine maneno, inakutemea mwanamke mzuri mwenye vito. Vijana wakaanza kuniletea hizo. Nikawa nasema neno moja, "Geuza." Mwombaji anababaika. Picha ile haina mgongo. Hajui mkanda unapita wapi, hajui vazi limefungwa kwa kitu gani. Anayetia mifupa, yule wa kumfanya mhusika atembee, atakuuliza nguo hii inafunguka wapi, nawe utasemaje?

Mwaka huu, kuondoka kwangu kulipokaribia, Fang, ambaye sasa ndiye mkubwa wa studio, aliniambia kiti changu hakitajazwa. Mashine itatoa picha, vijana watazisafisha.

Mimi nilikuwa nimeshamwona msichana mmoja, Atieno, Mkenya aliyefuatana na mama yake mnunuzi wa vifaa vya umeme na kusoma chuo hapahapa. Alikuwa ameleta watu watatu tu. Mmoja alikuwa mlinzi wa getini, ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichokatika mguu.

"Geuza," nikamwambia.

Akageuza. Mgongoni shati la mlinzi lilikuwa limeloa jasho kwa umbo la kiti.

"Ni nani huyu?"

"Ni soja wa ploti yetu, Auntie. Amekaa hapo tangu nikiwa mtoi, na hakuna mtu huwa anamcheki mgongo."

Nilirudi kwa Fang, nikamwambia namtaka huyu. Akasema vibali, makaratasi, ofisi, maneno yaleyale niliyoyasikia nikiwa na jalada la ng'ombe. Sikubishana. Nilichukua picha moja ya mashine iliyokuwa imekwisha kupitishwa, ya malkia mmoja mwenye joho, nikaiweka mezani kwenye kikao cha idara. Nikauliza joho limeshikwa na nini. Wa mavazi akasema pini. Wa mifupa akasema haiwezekani, pini ile ipo upande mmoja tu, akiinua mkono joho litampita kifuani. Wa rangi akasema anavyoona yeye ile si pini, ni nywele. Wakabishana mchana kutwa, chai ikapoa, wakabishana tena. Fang alikuwa ameketi mwisho wa meza, kalamu yake ikigonga, gonga, gonga.

"Mwite yule msichana," akasema.

Makaratasi ya Atieno aliyafuatilia Fang mwenyewe, akilaani kila muhuri.

Wiki yangu ya mwisho Atieno aliketi kando yangu. Nilikuwa namalizia kazi yangu ya mwisho, bibi mzee muuza chai katika gemu la mji wa bandari. Nilikuwa nimempenda. Uso wake ulikuwa na kila kunjo mahali pake. Atieno alitazama kwa muda, anatafuna bablish.

"Auntie, naeza sema kitu?"

"Sema."

"Huyu shosho amesimama ka msichana wa form two."

Nikamwambia bibi huyu ana miaka sabini. Nikamweleza habari ya nyonga, habari ya uzito, nikamweleza Mzee Qiu ni nani, nikamweleza nilichora wachukuzi kabla mama yake hajamzaa. Hotuba nzuri. Alisikiliza yote, bila kiburi.

"Sawa," akasema. "Basi simama."

"Nini?"

"Simama tu, Auntie. Toka kwa kiti."

Nilisimama kwa hasira, nimkomeshe. Kiuno kilikataa kwanza, kikakubali. Mguu mmoja ulirudi nyuma kutafuta sakafu. Mwili ulingoja kidogo ukiwa umeinama, kama mtu anayesikiliza mlango, na kabla haujanyooka wote nikaguna. Mguno wenyewe tuliusikia sote wawili.

Atieno hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama bibi wa kwenye kioo.

Nikasogeza kiti pembeni, nikampa kalamu.

"Anza na kiuno," nikamwambia.

"Eeh," akasema, na alikuwa ameshaanza.